Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa makumbusho: ndege za Kipevu nazo zipewe ukuta

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kutoka Malindi. Vasco da Gama ana nguzo yake hapa na hakosi wageni, kwa hivyo leo sina la kumuombea. Nakiombea Kikosi nambari 209 cha wanahewa wa Uingereza, kilichopiga kambi Kipevu, Mombasa, kuanzia 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Kilizaliwa 1918 kikiwa cha ndege ndogo za kupigana angani huko Ufaransa. Rubani wake mmoja aliandikiwa sifa ya kumwangusha Manfred von Richthofen, rubani mashuhuri wa Ujerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza, ingawa wanahistoria wengi wanasema risasi ilitoka chini. Miaka ya 1930 kikapewa ndege za kutua majini, na Mei 1941 ndege yake moja ya aina hiyo, Catalina, ikaiona manowari ya Ujerumani, Bismarck; kesho yake Waingereza wakaizamisha.

Kuja kwetu, kazi ikawa ya macho. Ubavuni mwa Catalina mna vioo viwili vilivyofura, na mtu hukaa hapo saa nenda saa rudi akichungulia bahari. Nyambizi za wakati ule hazikuwa na budi kuibuka ili zijaze betri, na chini ya maji zilijikokota. Ndege ikipita, hata isiangushe bomu, nyambizi hujificha na meli hupata mwanya. Kazi ya namna hii haiandikiwi sifa, na mimi ndiyo inayonivutia.

Wala haikutosha. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives. Walikufa watu 1,297, wakiwemo mamia ya askari wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1945 kikosi kikahamia Asia. Kilipovunjwa 1968 kilikuwa kimeshageuzwa cha kubeba watu na shehena kwenye viwanja vya msituni Malaya.

Utauliza kwa nini ukuta huo uwe Malindi, si Mombasa. Mji huu ulipigwa mabomu na ndege za Italia mwaka 1940, na leo piza tunaiagiza kwa Kiitaliano. Vita hivyo vinatuhusu.

Naomba ukuta mmoja. Askari wa Khedive Ismail watangulie, ndege zifuate. Tuma pia mtu mwenye kinasa sauti, aanzie Mambrui hadi Likoni, awaulize watu waliyosikia kwa babu zao waliofanya kazi bandarini. Na maelezo yaandikwe Kiswahili kwanza; nafasi ikibaki, Kiingereza nacho kitiwe.

Wako,
Mkaazi wa Shella, Malindi