Risala kwa Mgeni Rasmi: Kuwaaga Wachezaji Wetu Watatu wa MMA Wanaokwenda Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sheha wa shehia yetu,
Maofisa wa michezo mliohudhuria,
Walimu wetu wa skuli na wa madrasa,
Wazazi, wachezaji, mabibi na mabwana,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uhai na afya, tukakutana jioni hii katika ukumbi huu wa skuli tuliouazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia wito wa klabu isiyo na jengo lake, inayocheza mapigano mchanganyiko, mchezo ambao baadhi ya wazee wetu hapa mtaani bado wanautilia shaka. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza kwa judo. Judo si ngeni hapa Unguja. Imefundishwa tangu miaka ya 1990, ikianzia kwa mwalimu wa Kijapani, na waliotufundisha sisi ni watu waliopita katika mikono ya wanafunzi wake. Ukirudi nyuma zaidi, wazee wetu wana kirumbizi, fimbo kwa fimbo na ngoma ikilia, na Makunduchi kila Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, wanaume hupigana kwa migomba mpaka nyongo ikatoka, kisha wakapatana. Kwa hiyo anayesema kwamba kupambana kwa kanuni si jambo la Kizanzibari, tunamwomba kwa heshima atazame tena.

Ngumi ndizo zilizokuwa na safari ndefu. Zilipigwa marufuku Visiwani baada ya Mapinduzi ya 1964, na karibu miaka 60 ikapita bila pambano halali. Agosti 2023 ulingo ukafunguliwa tena, na Januari 2024 bondia Hassan Mwakinyo akacheza hapa hapa Amaan na kumshinda Mbiya Kanku wa Kongo. Vijana wetu waliokuwa wakifanya mazoezi ya ngumi kimyakimya nyuma ya nyumba wakatoka. Baadhi yao walikuja kwetu, wakakutana na watoto wa judo, na hapo ndipo mapigano mchanganyiko, ambayo vijana wanayaita MMA, yalipoota mizizi katika klabu hii. Wa ngumi alimfundisha wa judo kusimama na kujikinga uso, na wa judo akamfundisha wa ngumi kuanguka bila kuumia. Hatukupanga iwe hivyo, ila tumefurahi sana kwamba imekuwa.

Kwa faida ya wazazi, naomba nieleze kwa ufupi. Mchezo huu unaruhusu ngumi na mateke, kumtupa mwenzako chini, kumkaba na kumtia kufuli, yaani kumkunja kiungo mpaka akubali. Una kanuni, tena nyingi. Hakuna kutia vidole machoni, hakuna kupiga kisogoni, hakuna kumpiga teke kichwani aliyekwisha kuanguka. Katika ngazi ya ridhaa inayosimamiwa kimataifa na IMMAF, shirikisho lililoundwa 2012, mchezo huwa raundi 3 za dakika 3, wachezaji huvaa kinga za miguuni pamoja na glavu, na viwiko pamoja na magoti ya kichwani havikubaliwi kabisa. Anayekabwa akiona hawezi tena hupiga kiganja mara mbili tatu kwenye mkeka au mwilini mwa mwenzake, na papo hapo anaachiwa. Kijana anayejifunza hapa hufundishwa kuachia kabla ya kufundishwa kukaba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vijana watatu utakaowaona leo wanakwenda Dar es Salaam mwezi ujao kucheza mapambano ya ridhaa na klabu za Bara. Majina yao yamo katika ratiba uliyokabidhiwa, lakini naomba uwajue zaidi ya majina.

Wa kwanza ni binti wa miaka 19, atakayecheza uzito wa kilo 52.2. Mama yake analima mwani pwani ya mashariki, na binti mwenyewe amekua akivuta kamba za mwani maji yakipwa. Mikono yake ndiyo silaha yake. Akikushika kifundo cha mkono hutoki, na akishakushika hana haraka. Huzunguka polepole, huupitisha mguu juu ya kifua chako, huuweka mkono wako katikati ya mapaja yake na kuinua kiuno kidogo tu, kiasi cha upana wa vidole viwili, na kiwiko chako ndicho kitakachokuambia ukubali. Katika judo mbinu hii inaitwa juji-gatame. Wengi wanaijua, ila yeye ameimiliki. Hufanya mazoezi kwa nguo ndefu za kubana na ushungi wa michezo, katika saa za wanawake peke yao, na baba yake ndiye anayemleta na kumrudisha. Mzee yupo hapa, amekaa safu ya pili. Baba, tunakushukuru mbele ya Mgeni Rasmi.

Wa pili ni kijana wa kilo 65.8, mchukuzi bandarini Malindi. Huyu ni mtu wa ngumi. Jebu yake ya kushoto, ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, inafika kabla hujaiona, na anajua kupiga tumboni, jambo ambalo vijana wengi hulipuuza kwa sababu halipendezi kwenye video za simu. Udhaifu wake ni chini. Akitupwa huinuka kwa pupa, anageuza mgongo, na mgongo ukishageuka shingo inabaki wazi. Mwalimu wetu amemfanyisha kazi ya kuinuka tu, jioni baada ya jioni, bila kurusha hata ngumi moja. Alinuna mwanzoni. Sasa anainuka vizuri, akiutazama uso wa mpinzani, mkono mmoja chini na mmoja usoni. Mpinzani wake wa Dar es Salaam tunamjua ni mtu wa mieleka, kwa hiyo pambano lao ndilo ambalo sisi wenyewe tunalisubiri kwa hamu kuliko yote.

Wa tatu, wa kilo 70.3, ni mwanafunzi wa chuo, mtulivu, na hili litakuwa pambano lake la kwanza nje ya Unguja. Tunamwombea kheri.

Mheshimiwa, huenda ukauliza vijana hawa wanaelekea wapi. Miaka michache iliyopita jibu lingekuwa fupi. Sasa mambo yamebadilika. Mwaka 2021 Francis Ngannou wa Cameroon alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu wa UFC, kampuni kubwa ya Marekani ya mapambano ya MMA ya kulipwa. Kamaru Usman, mzaliwa wa Nigeria, alikuwa tayari ameshika ubingwa wa UFC tangu 2019, na Israel Adesanya wa Lagos aliupata wake mwaka huo huo wa 2019. Novemba 2024 Oumar Kane wa Senegal, anayejulikana kama Reug Reug, alimshinda Anatoly Malykhin wa Urusi na kuchukua ubingwa wa uzito wa juu wa ONE, kampuni ya mapambano ya Asia. Kane ametokea katika laamb, mieleka ya mchangani ya kwao Senegal. Hakuanza na kitu cha kuazima, na sisi wenye kirumbizi na judo ya miongo mitatu tunalitazama hilo kwa makini.

Tena mwaka 2025 PFL, ligi nyingine ya MMA ya kulipwa, ilifungua tawi la Afrika. Walianzia Cape Town mwezi wa Julai, na Oktoba wakaja Kigali, katika ukumbi wa BK Arena. Kigali, Mheshimiwa! Kijana wa Unguja anaweza kufika Kigali kwa boti na basi. Ngazi ya kulipwa imesogea mpaka mlangoni kwetu, na ngazi ya chini ndiyo iliyobaki imevunjika.

Nasema hivyo kwa sababu ya safari ya Ngannou mwenyewe. Alichimba mchanga kijijini Batié akiwa mtoto. Mwaka 2012 aliondoka Cameroon, akavuka Sahara mpaka Morocco, akavuka bahari kwenda Hispania na kufungwa huko, na alipofika Paris 2013 alilala kwenye maegesho ya magari kabla ya kupata klabu ya kumpokea. Watu wengi huisimulia habari hii kama ushindi. Ni ushindi wake, na anastahili kila sifa. Sisi viongozi wa klabu tunaisoma kwa hofu, kwa sababu tunajua ni wangapi waliingia jangwani na baharini na wasionekane tena. Tunataka kijana wa hapa apande kutoka hapa, akiwa na karatasi zake, daktari wake na mwalimu wake, na usiku alale kwao.

Hapo ndipo penye shida yetu kubwa, na naomba univumilie niiseme yote.

Mwaka uliopita promota mmoja, ambaye sitamtaja, alimchukua kijana wetu kwa taarifa ya siku tatu akacheze Bara. Alipofika aliambiwa apunguze kilo nne usiku ule. Akavalishwa koti la mvua, akakimbizwa, akanyimwa maji. Alipanda ulingoni midomo imepasuka. Hapakuwa na daktari, palikuwa na mtu mwenye barafu na taulo. Kijana alipigwa raundi ya kwanza, akarudi nyumbani na maumivu ya kichwa yaliyokaa wiki nzima, na nusu ya malipo aliyoahidiwa hakuyaona. Amepona, alhamdulillah. Lakini ameacha mchezo, na hatukuwa na pa kushtaki.

Kupunguza uzito kwa kujikausha kunaua. Desemba 2015 Yang Jian Bing wa China, kijana wa miaka 21, alifariki akijiandaa kwa pambano lake Manila, kwa sababu ya kukaushwa maji mwilini. Baada ya hapo ONE walibadilisha kanuni, wakaanza kupima maji ya mwili pamoja na uzito. Na kipigo cha kichwa kinaua hata mahali palipoandaliwa vizuri. Booto Guylain, mwenzetu kutoka Kongo, alipambana Johannesburg mwishoni mwa Februari 2014 mbele ya madaktari, akakimbizwa hospitali, na tarehe 5 Machi akafariki kwa kuvuja damu kichwani. Ikiwa hayo yalitokea penye madaktari, tunajiuliza usiku kucha itakuwaje pasipo na daktari.

Sisi tumejiwekea kanuni zetu. Mchezaji wetu hapunguzi zaidi ya kilo mbili, na hupunguza kwa chakula, katika wiki kadhaa. Aliyepigwa kichwani akapoteza fahamu hata kwa sekunde moja harudi kwenye mazoezi ya kupigana kwa siku 60, hata akilia. Walio chini ya miaka 18 hawapigwi kichwani kabisa. Lakini kanuni za klabu moja haziwezi kumzuia promota. Anachofanya ni kwenda klabu ya jirani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu la kwanza na lililo kubwa ni utusemee kwa Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar, ili mapigano mchanganyiko yawe na usimamizi unaojulikana Visiwani, wenye kanuni zilizoandikwa na zinazomfunga kila anayeandaa pambano. Pasiwe na pambano bila daktari pembeni na gari la wagonjwa mlangoni. Mchezaji awe na daftari la afya linaloandikwa kila alipopigana na kila alipoumia, na asiruhusiwe kupanda bila daftari hilo. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili na usomwe mbele ya mwalimu wake. Hayo hayahitaji fedha nyingi, yanahitaji mtu mwenye sauti ayafikishe, na wewe unayo.

Ombi la pili ni mikeka. Sasa hivi tunatandika magodoro chakavu yaliyofunikwa turubai. Tumelishona turubai wenyewe, na mshono wa katikati hunasa vidole vya miguu. Wachezaji wetu wawili wamevunjika vidole hapo hapo, na utakapotembelea banda tunalofanyia mazoezi utauona mshono huo umefungwa kwa gundi ya karatasi. Tunahitaji mikeka 32 ya judo ya mita 2 kwa 1, inayotosha kutandika mita 8 kwa 8. Pamoja nayo tungefurahi kupata kinga za miguuni na za kichwa, hasa za saizi ndogo, kwa sababu watoto wanaoanza huvaa za wakubwa na zinawazunguka usoni.

La tatu ni kwa wazazi zaidi kuliko kwako, Mheshimiwa, ila tunaomba ulitilie mkazo utakapozungumza. Saa za wanawake zina mabinti wachache mno. Tunajua sababu, na tunaziheshimu. Tunachoomba ni mzazi aje aone kwa macho yake, akae tangu mwanzo mpaka mwisho, aulize analotaka, halafu ndiyo aamue.

Nauli ya boti kwa safari ya mwezi ujao tumeshaikusanya wenyewe kwa michango ya wanachama na wafanyabiashara wa mtaa huu, na tunawashukuru kwa majina yao yote yaliyobandikwa pale mlangoni. Daktari wa kufuatana na timu amejitolea, na kwa hilo tumepumua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii wachezaji watatu wataonyesha raundi moja moja na wenzao wa klabu. Binti ataanza. Mwalimu amewaagiza wapunguze nguvu, na tunaomba usikae mbali na mkeka, kiti chako tumekiweka karibu makusudi.

Kwa niaba ya viongozi na wachezaji wote wa klabu, naomba kuwasilisha.

Katibu wa klabu