Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: rudisheni meza ya mazungumzo ya Kongo na Rwanda huku

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi ni mama lishe wa Nala hapahapa Dodoma, barabara ya Singida, wateja wangu wengi ni madereva wa transiti.

Desemba 4, 2025 tuliangalia kwenye simu Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Kagame wa Rwanda wakisaini amani Washington mbele ya Trump, madereva wanaopeleka mzigo Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa kupitia Bujumbura na Uvira wakafurahi kweli, wakasema sasa njia itatulia. Wiki haijaisha waasi wa M23, wanaodaiwa kusaidiwa na Rwanda, hao wakaingia Uvira. Kuna dereva alishafika Manyoni akapigiwa simu na bosi wake ageuze, akakaa kwangu siku tisa anakula kwa mkopo, sikumdai maana hata yeye hajui analipwa lini.

Sasa siku ileile ya amani Marekani na Kongo wakasaini na makubaliano ya madini. Sikatai, Mmarekani akiongea Kigali wanasikia kuliko tukiongea sisi, lakini msuluhishi ambaye jicho lake liko kwenye kobalti na koltani, akishapata anachotaka atabaki kusimamia watu wa Uvira wasiuawe? Qatar nayo iliwakutanisha Doha Machi 2025, wakati Qatar Airways tangu 2019 ilishakubaliana na Rwanda kuingia ubia kwenye uwanja wa ndege wa Bugesera. Kila mmoja ana mzigo wake pale mezani.

Na hawa ni wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), Rwanda toka 2007, Kongo 2022! Wakongo wakikimbia vita hawapandi ndege kwenda Washington, wanakuja Nyarugusu kule Kasulu, kambi ipo toka 1996.

Najua mlijaribu. Februari 8, 2025 EAC na SADC, ile jumuiya ya kusini mwa Afrika, mlikaa Dar kwa ajili ya vita hii, Kagame akaja, Tshisekedi akaongea kwa video, ndani ya siku kumi Bukavu ikachukuliwa na M23. Lakini Burundi si walikaa Arusha kutafuta amani toka 1998 mpaka Agosti 2000, msuluhishi Mwalimu Nyerere akafariki katikati Mandela akaendelea, na hakuna aliyewadai mgodi!

Ofisi yako iko Mtumba, mji huuhuu. Naomba iteni kikao kingine, marais wote wawili waje wenyewe wakae chumba kimoja, na yale ya Washington na Doha yaletwe hapo yasomwe mbele ya majirani wote, Burundi na Uganda wakiwemo.

Yule dereva anapakia tena Jumatatu, mzigo wa Bukavu.