Mwili wa Gofu Hujengwa Katikati ya Wiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo kurasa za michezo hazijaligusa ipasavyo. Gofu inapoandikwa, tunasoma idadi ya mikwaju, hendikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji), majina ya washindi na wadhamini wa mashindano, na hizo zote ni habari zinazostahili kuandikwa. Lakini walio wengi viwanjani mwishoni mwa wiki si wachezaji wa kulipwa. Ni wahasibu, walimu, madaktari, wanajeshi, mawakili na wafanyabiashara, watu ambao siku tano hawashiki fimbo, na ambao Jumamosi asubuhi hufika kwenye shimo la kwanza na mwili uleule uliokaa kwenye kiti tangu Jumatatu. Ningependa tujadili jinsi mtu wa aina hiyo anavyoweza kuuandaa mwili wake bila kuiacha kazi inayomlisha.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu hauna haja, kwa kuwa gofu yenyewe ni mazoezi. Wana sehemu ya ukweli, na si haki kuipuuza. Raundi ya mashimo 18 kwa miguu huchukua saa nne hivi na humtembeza mchezaji kilomita nane au zaidi, kwenye nyasi, miinuko na mchanga. Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden walichapisha uchunguzi wa wachezaji gofu wapatao 300,000 wa nchi hiyo, wakaeleza kwamba vifo miongoni mwao vilikuwa pungufu kwa asilimia 40 vikilinganishwa na vya watu wengine wa umri, jinsia na hali ya maisha inayofanana. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba gofu pekee ndiyo iliyorefusha maisha yao, maana mwenye afya njema ndiye mwenye nguvu za kwenda uwanjani, lakini unatosha kumzuia mtu yeyote kuudharau mchezo huu kama matembezi ya wazee.

Hata hivyo, kutembea ni upande mmoja tu wa gofu. Upande wa pili ni kuzungusha fimbo, na hapo ndipo mtumishi wa ofisini anapoumia. Mpigo wa draiva, yaani fimbo ndefu ya kupigia mbali, huukunja mwili wote, ukaufyatua kwa kasi kubwa katika muda usiofika sekunde mbili, na hurudiwa upande uleule mara nyingi kwa siku moja, ukijumlisha majaribio kabla ya kila mpigo. Mzunguko huo unatakiwa utoke kwenye nyonga na sehemu ya juu ya mgongo, kwa kuwa pingili za kiunoni zimeumbwa kuinama na kuinuka zaidi kuliko kuzunguka. Anayekaa saa nane kwa siku hukaza misuli ya mbele ya nyonga, misuli ya makalio yake hudhoofika kwa kukosa kazi, na mabega yake huinamia mbele kuelekea kompyuta. Jumamosi anapotaka kuzungusha fimbo, nyonga hazigeuki, kifua hakifunguki, na kiuno ndicho kinacholazimika kubeba mzigo usiokihusu. Si ajabu basi kwamba maumivu ya kiuno ndiyo yanayoongoza miongoni mwa wachezaji gofu, yakifuatiwa na ya kiwiko, kifundo cha mkono na bega. Wengi wetu tukiumwa hivyo hulaumu fimbo, au hulaumu mwalimu aliyetubadilishia mkao, ilhali chanzo kimeanza kwenye kiti cha ofisi.

Kwa nini basi tusicheze mara nyingi zaidi, mwili ukazoea? Anayeuliza hivyo hajaishi Dar es Salaam na ajira ya kutwa. Kwetu jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, na hatuna majira ya joto ya Ulaya ambako watu hucheza mpaka saa tatu au nne usiku bado kukiwa na mwanga. Hata mtumishi wa umma ambaye muda wake wa kazi unaisha saa tisa na nusu alasiri, akiondoa shughuli zilizobaki mezani na foleni ya barabarani, hufika uwanjani ikiwa imebaki saa moja au pungufu ya mwanga. Wa sekta binafsi anayetoka saa kumi na moja hana hata hiyo. Hali hiyo haitabadilika kwa kulalamika, kwa hiyo kinachobaki ni kuuandaa mwili mahali tulipo: nyumbani, ofisini na njiani.

Habari njema ni kwamba muda unaohitajika ni mdogo kuliko tunavyodhani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mwongozo huo uliondoa sharti la zamani la kwamba mazoezi yawe ya dakika kumi mfululizo au zaidi ndipo yahesabiwe. Kwa mtu mwenye shughuli nyingi hilo ni badiliko kubwa, kwa maana kupanda ngazi badala ya lifti, kushuka kituo kimoja kabla ya kile cha kawaida na kutembea unapozungumza na simu vyote vinaingia kwenye hesabu. Raundi ya Jumamosi kwa miguu nayo ina nafasi kubwa katika dakika hizo. Upungufu wetu wa kweli, kwa maoni yangu, uko kwenye nguvu za misuli na wepesi wa viungo, na gofu ya mara moja kwa wiki haivijengi hata kidogo.

Mimi ni mhasibu, na nitaeleza utaratibu unaowezekana kwa mtu wa fani yangu, kila mmoja aupime kwa hali yake. Asubuhi, kabla ya kuoga, dakika kumi zinatosha kwa viungo. Mtu apige goti moja chini, mguu wa pili ukiwa mbele, kisha asogeze nyonga mbele taratibu mpaka ahisi misuli ya juu ya paja ikivutika, abadilishe upande. Akae kwenye ukingo wa kiti, mikono ikiwa imepishana kifuani, ageuze kifua kulia na kushoto huku nyonga zimetulia, maana huo ndio mzunguko anaouhitaji Jumamosi. Wakati wa kupiga mswaki asimame kwa mguu mmoja kisha mwingine. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini asiyeweza kutulia juu ya mguu mmoja bafuni hawezi kumaliza mpigo wake akiwa wima, uzito wote ukiwa umehamia mguu wa mbele.

Jioni mbili kwa wiki, dakika 25 kila moja, ziwe za nguvu. Kuchuchumaa na kusimama huimarisha mapaja na makalio, na kasi ya fimbo huanzia hapo, si mikononi kama wengi wanavyoamini. Kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa na kuinua kiuno juu huiamsha misuli ya makalio iliyozubaa kwa kukaliwa. Pushapu hufaa kwa kifua na mabega, hata kwa kuegemea meza kwa anayeanza, na kujihimili kwa viwiko na vidole vya miguu hufunga tumbo na mgongo pamoja. Ukumbi wa mazoezi si lazima. Kamba ya mpira iliyofungwa kwenye nondo za dirisha inatosha kuvutia mikono kuelekea kifuani, ikarudisha nyuma mabega yaliyoinama. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la dumu la maji la lita kumi: kulibeba kwa mkono mmoja, kutembea nalo wima kutoka ukuta mmoja hadi mwingine bila kuinamia upande, kisha kubadilisha mkono. Kilo kumi hizo hufundisha ubavu kuhimili mzigo wa upande mmoja, na gofu ni mchezo wa upande mmoja.

Siku za mazoezi hayo zina umuhimu kuliko aina zake. Ziwe Jumatatu na Jumatano, au Jumanne na Alhamisi, lakini Ijumaa mwili upumzike, kwa sababu misuli iliyofanyishwa kazi ngumu huuma siku moja au mbili baadaye na mchezaji atafika uwanjani mzito. Mizigo iongezwe kidogo kidogo. Wiki ya kufunga hesabu, ambayo wahasibu wenzangu wanaifahamu, mtu abaki na jioni moja bila kujilaumu, kwa kuwa nguvu iliyokwisha kujengwa haipotei kwa wiki moja ya shughuli, ila huanza kupotea pale mtu anapoamua kwamba amekwisha kushindwa na kuacha kabisa. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au umri uliosogea amwone daktari kwanza.

Jumamosi yenyewe nayo inahitaji dakika kumi ambazo karibu kila mtu huziruka. Nimeona wachezaji wakishuka kwenye gari, wakavaa glavu na kupiga draiva kwa nguvu zote bila hata kuzungusha mabega. Kupasha misuli moto kwa kutembea haraka, kuzungusha nyonga na mikono, kisha kupiga fimbo fupi taratibu kabla ya ndefu, ndiko kunakouambia mwili kwamba kiti kimebaki ofisini. Tuna joto na unyevu wa pwani, kwa hiyo maji yanywewe tangu kabla ya kuanza, si mdomo unapokauka kwenye shimo la kumi na mbili. Na anayeweza kutembea atembee, aache gari la gofu kwa wenye umri au maradhi. Kumwajiri kedi, mbebaji wa mfuko wa fimbo, hakumpunguzii mtu mazoezi yake na kunampa kijana riziki halali; wachezaji wetu wa kulipwa si wachache waliotokea kwenye ukedi, na miguu yao imara ni matunda ya miaka ya kutembea viwanja hivyo na mzigo begani.

Kuna imani ya zamani kwamba mazoezi ya nguvu humharibia mchezaji gofu wepesi wake. Gary Player, mchezaji gofu wa kulipwa wa Afrika Kusini, aliambiwa hivyo enzi zake, wakati kunyanyua vyuma kulionekana ni mambo ya wacheza mieleka, naye akaendelea kunyanyua. Alishinda mataji makubwa tisa, la mwisho likiwa la mashindano ya Masters ya Marekani mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 42. Leo sioni mchezaji wa juu wa kulipwa anayeshangaa kusikia habari za ukumbi wa mazoezi. Ni sisi wa ridhaa, ambao miili yetu inauhitaji msaada huo kuliko wao, tunaoendelea kuurudia usemi ule wa zamani.

Siwezi kumaliza bila kuwataja wanawake wanaocheza gofu na kufanya kazi za kuajiriwa. Ratiba niliyoieleza hapo juu inadhania kwamba jioni ya mtu ni yake, na kwa wengi wao si hivyo: kazi ya ofisini ikiisha, huanza ya jikoni, ya watoto na ya wagonjwa wa familia. Kumwambia mama wa namna hiyo apange muda wake vizuri ni kumdhulumu. Anayepaswa kupanga ni mume anayerudi kutoka uwanjani Jumamosi mchana na kutaka chakula kiwe mezani. Dakika 25 mara mbili kwa wiki, mtu mwingine akiwa na watoto, si hisani anayoombewa mwanamke, ni haki yake nyumbani mwake.

Kwa viongozi wa vilabu vya gofu nina maombi mawili, na yote yanawezekana bila gharama kubwa. La kwanza, waweke taa kwenye uwanja wa kupigia mipira ya mazoezi, hata kwa jioni mbili tu katika wiki, ili anayetoka kazini usiku umeshaingia apate mahali pa kupigia. La pili, wamweke mwalimu mmoja kando ya shimo la kwanza asubuhi za mashindano awaongoze washiriki kupasha misuli moto kabla ya kuitwa majina. Vyama vya gofu navyo vingeweza kuwatumia wataalamu wa tiba ya viungo kuzungumza na wanachama, kwa sababu wengi wetu hukutana na mtaalamu wa namna hiyo tukiwa tayari tumeumia. Waajiri wanaotumia fedha nyingi kudhamini mashindano na kuchapisha nembo zao kwenye fulana wawaruhusu wafanyakazi wao kuondoka saa moja mapema siku moja katika wiki, wakatumie muda huo kwa mazoezi ya aina yoyote wanayoyataka.

Nawe Ndugu Mhariri, ninakuomba ukurasa wa michezo wa Ijumaa utenge safu ndogo kwa ajili ya mazoezi ya wachezaji wa ridhaa, iandikwe na wataalamu wa tiba ya viungo na walimu wa gofu wa hapa nchini, iwe na picha zinazoonyesha kila zoezi linavyofanywa. Ikitoka Ijumaa, msomaji ataisoma kabla ya raundi yake, na Jumatatu ataanza.

Wako,
Mhasibu na mchezaji gofu wa ridhaa,
Kinondoni, Dar es Salaam