Filta uliyonunua, irudishe dukani

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Baba Kulwa,

Salamu nyingi kwako, Mama Kulwa na hao mapacha. Huku hatujambo. Mwezi ni mkubwa, dagaa hawafuati taa zetu, basi mitumbwi imelala mwaloni, pale ufukweni, na vijana wanacheza bao mchana kutwa, ndiyo maana nimepata nafasi ya kushika kalamu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na ile picha nimeikuza mpaka ikachuja. Hiyo filta ya petroli ya chuma, ndefu kama betri ya tochi, ni ya gari la injekta. Aliyekuuzia hakukudanganya aliposema ni nzuri. Ni nzuri, ila si kwa mashine yako ya mtumbwi. Unasema injini inawaka kwa kamba ya pili, sailensa, ule mngurumo wa chini kabla hujaongeza moto, imetulia, unatoka Nansio taratibu bila shida, lakini ukifungua moto wote, yaani kasi ya mwisho, baada ya dakika mbili tatu inakohoa na kuishiwa nguvu. Ukiminya pampu ya mkono, ule mpira wa kwenye bomba la petroli, inafufuka. Ugonjwa huo naujua, uliwahi kunilaza ziwani.

Wakati ule nilikuwa na mashine ya nguvu za farasi 15. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilikuwa inaziba kila wiki, nikachoka, nikaingia duka la spea nikaomba filta inayochuja kuliko zote. Nikapewa dude la chuma kama lako, nikalifunga kwa majigambo. Usiku uleule, katikati ya Ghuba ya Speke, upepo ukaanza. Kila nikiongeza moto, inazima. Tulimweka kijana mmoja chini pale kwenye tenki, kazi yake kuminya ule mpira wenye umbo la embe: minya, achia, minya, achia, tangu saa nane usiku hadi tukaona taa za Igombe. Asubuhi kiganja chake hakikuweza kushika kikombe cha chai. Mpaka leo akiniona nimeshika filta anaficha mkono.

Sababu yenyewe ni hii. Gari la injekta lina pampu ya umeme inayosukuma petroli kwa presha ya bar 3 hivi, kwa hiyo karatasi nzito ya ndani ya filta haiisumbui. Pampu ya mashine yetu ni kiwambo chembamba tu, kinachezeshwa na pumzi ya injini yenyewe, na kinavuta petroli kama mtoto anavyovuta soda kwa mrija. Ukienda taratibu kabureta inakunywa kidogo, basi kinachopita kinatosha. Ukifungua moto wote, bakuli la kabureta linakauka.

Usilichukulie kama jambo la kukosa spidi tu. Mashine yako ni tuu-stroki, oili yake imo ndani ya petroli. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, lita 20 za petroli zina mililita 400 za oili, na hiyo ndiyo yote inayolainisha pistoni. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, joto linazidi, pistoni inakwama. Kwa hiyo usiendelee kuikimbiza hivyo huku kijana anaminya mpira.

Kabla hujafungua chochote, angalia ile skrubu ya hewa kwenye mfuniko wa tenki. Ikiwa imefungwa, dalili ni hizihizi, na utaniona mimi mjinga na barua yangu ndefu.

Ikiwa iko wazi, tafuta filta ya plastiki inayoonyesha, yenye wavu wa nailoni ndani, iliyotengenezwa kwa injini ya kabureta. Bei yake haifiki ya sato mmoja. Usichukue ile ndogo ya bodaboda. Kule petroli inashuka yenyewe kutoka tenki la juu kwenda kwenye injini ndogo, na midomo yake ya kuingizia bomba ni myembamba. Fundi wangu hapa Kirumba anabisha kuhusu karatasi, anasema karatasi ikiwa pana vya kutosha inapitisha vizuri. Ana hoja. Lakini karatasi ikinywa maji inavimba, na sisi petroli yetu inasafiri kwenye madumu juu ya maji, kwa hiyo nimebaki na wavu.

Sasa marekebisho. Filta nyingi za aina hii zina midomo ya ngazi: ncha nyembamba ya milimita 6, kisha sehemu nene ya 8. Watu wanaingiza bomba la mpira la 8 juu ya yote na kuiacha ile ncha ndani, petroli yote inapita kwenye tundu la 6. Ncha hiyo ikate. Tumia kisu kikali, usitumie msumeno, maana unga wa plastiki ndio utakaoziba kabureta kesho. Kata huku mdomo umeelekea chini, lainisha ukingo, kisha suuza kwa petroli safi. Usipulize kwa mdomo, mate nayo ni maji.

Kisha ijaribu. Inua tenki juu ya benchi, acha petroli ishuke kwa bomba la mpira hadi ijaze chupa, uhesabu. Funga filta, rudia. Ikichukua muda mrefu zaidi waziwazi, hiyo siyo. Fanyia nje, mbali na jiko la mkaa la vijana wako, nakujua.

Ifunge kati ya tenki na pampu ya mkono, mshale ukielekea injini, mahali penye kivuli chini ya ubao kwa sababu jua linaipasua plastiki. Tumia klipu, siyo vipande vya tyubu ya baiskeli. Upande huo petroli inavutwa, kwa hiyo pakilegea hapadondoshi tone, panaingiza hewa. Utaona mapovu yakipita ndani ya filta. Hewa kidogo iliyotulia juu isikutishe, ni mapovu yanayotembea ndiyo mabaya.

Maji, wavu hauyazuii. Petroli inaelea juu yake, basi dumu lilale usiku kucha bila kutikiswa, na petroli ya chini, kina cha vidole viwili, usiimimine kwenye tenki. Kile kikombe kidogo cha filta chini ya kofia ya injini ukifungue pia, huenda tayari kuna kitu kimekaa.

Shemeji yako anapanda meli Jumanne kuja Nansio. Amebeba kopo la maziwa ya unga, ndani kuna filta mbili na klipu nne. Moja nimeshaikata midomo, uione ilivyo. Nyingine ukate mwenyewe. Hiyo ya chuma, dukani wakiikataa, muuzie mwenye gari la injekta. Na lile dumu la bluu nililokuazima msimu uliopita, mpe arudi nalo. Likiwa kavu tafadhali, mara ya mwisho lilininukishia mchele wote.

Wako,
Baba Pendo