Barua kwa Rehema kuhusu kikomo cha mkopo wa nyumba

Kent, Washington
6 Desemba 2025

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa baba watoto na kwa wanao wote. Ujumbe wako umenifikia pamoja na ile karatasi ya ofisa mikopo. Nyumba ya Lacey, huku huku Washington, ni dola 900,000, mnayo asilimia 10 ya bei mkononi, na mmeambiwa mmevuka kikomo, kwa hiyo mkopo wenu ni jumbo: malipo ya awali yapande hadi asilimia 15, na benki iwe na akiba yenu ya malipo ya miezi 12. Naona umeshaanza kukata tamaa. Subiri kwanza. Mkopo mnaoutaka ni dola 810,000, kikomo cha mwaka huu wa 2025 ni 806,500. Mmezidi kwa dola 3,500 tu, na hicho kikomo chenyewe kinapanda Januari.

Jua kwanza kikomo hicho kinamfunga nani. Hakisemi wewe unaweza kukopa kiasi gani, wala nyumba iwe ya bei gani. Kinasema Fannie Mae na Freddie Mac wanaruhusiwa kununua mkopo wa ukubwa gani kutoka kwa mkopeshaji. Mashirika hayo mawili hayamkopeshi mtu. Kazi yao ni kununua mikopo iliyokwisha kutolewa, ili mkopeshaji apate pesa za kumkopesha mwingine. Mkopeshaji anayejua atauza mkopo wako kwao hufuata masharti yao neno kwa neno, na masharti hayo yameandikwa, kila mtu anaweza kuyasoma. Asipoweza kuwauzia, anabaki na hatari mwenyewe au anatafuta mnunuzi mwingine, na hapo kila benki ina sheria zake. Mkopo ulio ndani ya kikomo na uliotimiza masharti yao ndio wanaouita konfomingi. Uliovuka ni jumbo. Ile akiba ya miezi 12 uliyoandikiwa ni sharti la benki yako kwa jumbo yake, si sheria ya nchi.

Kikomo hupangwa na FHFA, wakala wa serikali unaoyasimamia mashirika hayo, na ambao umeyashika mkononi tangu Septemba 2008. Mwishoni mwa Novemba kila mwaka wanalinganisha bei za nyumba za robo ya tatu na za robo hiyo hiyo ya mwaka uliotangulia, kisha kikomo kinapanda kwa asilimia ile ile. Kwa sheria ya 2008 hakishuki: bei zikianguka kinasimama pale pale, na hakipandi tena mpaka bei zifidie zilichopoteza. Baada ya bei kuporomoka kilikaa dola 417,000 hadi mwisho wa 2016. Safari hii bei zimepanda asilimia 3.26, kwa hiyo kuanzia 1 Januari 2026 kikomo cha msingi cha nyumba ya familia moja ni dola 832,750.

Nimesema cha msingi kwa sababu kaunti hazilingani, na hapa ndipo watu wa huku kwetu wanapochanganyikiwa. Chukua bei ya kati ya nyumba katika eneo, izidishe kwa 1.15. Jibu likizidi kikomo cha msingi, eneo hilo linapewa kikomo chake cha juu zaidi, lakini halipiti dari, ambayo ni mara moja na nusu ya kile cha msingi. Dari ya 2026 ni dola 1,249,125. Tena eneo zima la jiji hufuata kaunti yake iliyo ghali kuliko zote. Ndiyo maana kaunti za King, Pierce na Snohomish, za eneo la Seattle, zina kikomo kimoja, dola 1,037,300 kwa 2025, ingawa nyumba za Tacoma (Pierce) si bei ya nyumba za Bellevue (King): Pierce imebebwa na King. Lacey ipo kaunti ya Thurston, na Thurston haimo katika kundi hilo. Inabaki na kile cha msingi. Ukivuka Mto Nisqually kutoka Pierce, mkopo ule ule unabadilika jina.

Basi hizo 810,000 zenu zitazame katika hali tatu. Lacey, kwa kikomo cha 2025, ni jumbo. Tacoma, kwa 2025, ni konfomingi ila ya daraja la salio kubwa, maana imezidi cha msingi lakini haijafika kikomo cha kaunti. Mkopo wa daraja hilo Fannie na Freddie wanaununua, lakini wanautoza ada ya ziada, ambayo wewe utaiona ndani ya riba au kwenye pointi (ada ya mkopo inayolipwa siku ya kusaini), na malipo ya awali hayawezi kuwa chini ya asilimia 5. Lacey, kwa kikomo cha 2026, ni konfomingi ya kawaida kabisa, bila ada hiyo.

Sasa utauliza: je, tusubiri Januari ndipo tusaini? Huna haja. Kinachohesabiwa ni tarehe ambayo Fannie au Freddie anaupokea mkopo kutoka kwa mkopeshaji, si tarehe ya sahihi yako. Mkopo uliosainiwa katikati ya Desemba ukawafikia Januari unapimwa kwa kikomo kipya. Wakopeshaji wakubwa wanalijua hilo, na wengine walianza kutumia kikomo cha kukadiria tangu vuli, kabla hata tangazo halijatoka. Ofisa wako huenda mfumo wake haujabadilishwa, au benki yake inapendelea kubaki na mikopo yake yenyewe. Muulize swali moja tu: "Mnapokea 832,750 kuanzia lini?" Akisema Januari, na muuzaji hataki kusogeza tarehe, mna njia mbili. Ongezeni dola 3,500 kwenye malipo ya awali, mkopo ukae 806,500 barabara. Au nendeni kwa mkopeshaji mwingine. Mimi ningeanza na ile ya pili, kwa sababu kulinganisha bei hakuharibu krediti yako: maombi kadhaa ya mkopo wa nyumba yakifanyika ndani ya wiki mbili, mifumo ya alama za krediti, zinazoonyesha unavyolipa madeni, huyahesabu kama ulizo moja.

Jihadhari na vitu vinavyosukuma mkopo juu kimyakimya. Kikomo hupimwa kwa kiasi cha awali cha mkopo kilichoandikwa kwenye hati. Mkikubali bima ya rehani, ile inayomlinda mkopeshaji mkishindwa kulipa, ilipwe yote kwa mkupuo na kuingizwa ndani ya mkopo, hiyo nayo inahesabiwa. Mkikaa dola mia chache chini ya kikomo, bima inawarusha upande wa pili, nanyi mnaambiwa siku tatu kabla ya kusaini. Acheni nafasi.

Tathmini ya nyumba nayo haigusi kikomo, bali inagusa asilimia. Mthamini akisema 870,000 badala ya 900,000, mkopo wa 810,000 unakuwa asilimia 93 ya thamani, si 90 tena, kwa kuwa wanachukua tarakimu iliyo ndogo kati ya bei na tathmini. Bima inapanda. Hapo mnamwomba muuzaji apunguze, au mnaongeza pesa, au mnajiondoa kama mkataba unawaruhusu. Kwa hiyo msikubali kufuta kifungu cha tathmini kwenye mkataba eti kumfurahisha muuzaji.

Hesabu ya mwezi niliyokufanyia ni hii. 810,000 kwa miaka 30, tuseme riba ni asilimia 6.25: dola 4,987. Weka kodi ya nyumba 750, bima ya nyumba 150, bima ya rehani 270, jumla 6,157. Ongeza gari lenu 500, ni 6,657. Ukitaka madeni yote yasizidi asilimia 45 ya mapato, mnahitaji kama dola 14,800 kwa mwezi kabla ya kodi ya mapato. Mfumo wa kompyuta wa Fannie unaweza kufika asilimia 50, lakini mtu mwenye watoto watatu na wazazi Mombasa wanaosubiri M-Pesa kila mwezi asikope mpaka hapo. Kompyuta haiijui hiyo M-Pesa. Wewe unaijua.

Bima ya rehani isikutie hofu sana. Inadaiwa kwa sababu mmeweka chini ya asilimia 20, na kwa sheria ya 1998 mna haki ya kuomba iondolewe deni likifika asilimia 80 ya thamani ya awali, na wao wenyewe lazima waifute likifika 78 kwa ratiba, mradi hamna malimbikizo. Ofisa akikupa njia ya mikopo miwili, yaani wa kwanza 720,000, wa pili 90,000 na nyinyi 90,000, basi bima haipo, na kikomo kinapima ule wa kwanza peke yake. Mimi siipendi sana, kwa kuwa mkopo wa pili mara nyingi una riba ya kupandapanda. Kwa nyumba ya dola milioni moja na nusu ningeifikiria. Kwa dola 3,500, la.

Kuhusu pesa za chama mnazotaka kuweka kwenye malipo ya awali, hapa sikiliza vizuri, kwa maana watu wetu wengi hukwama hapa wakadhani ni ubaguzi. Masharti ya Fannie Mae yanaukubali mchezo wa kuchangishana kama chanzo cha malipo ya awali, wazi kabisa, ila wanataka vitu viwili: barua ya mweka hazina wa chama, na ushahidi kwamba umekuwa ukichangia kwa utaratibu. Kama utaendelea kuchangia baada ya kupokea, mchango huo wa mwezi unahesabiwa kama deni lako. Kwa hiyo mwambie mweka hazina aandike mapema, na ukusanye miamala yako ya kila mwezi. Pesa zilizolipwa taslimu bila karatasi hazitakusaidia. Zile mlizopata kwa kuuza kiwanja cha Kilifi zibadilishwe ziwe dola na zikae katika benki ya Marekani kabla ya kusaini, na mkataba wa mauzo, kama ni wa Kiswahili, utafsiriwe. Taarifa za benki watakazoomba ni za miezi miwili, na amana yoyote moja inayozidi nusu ya mapato yenu ya mwezi itaulizwa imetoka wapi. Msipitishe pesa za mtu mwingine kwenye akaunti yenu wakati huu, hata kama shemeji analia.

Baba watoto aliuliza habari za riba. Mwambie zipo kampuni za Kiislamu zinazonunua nyumba kwa ubia na mteja, na mikataba yake baadhi inanunuliwa na Freddie Mac, kwa hiyo kikomo ni kile kile na karatasi zinazotakiwa ni karibu zile zile. Aulize nao watoe makadirio, ayaweke pembeni ya haya.

Yule ndugu yenu mwenye viza ya kazi asikimbilie mkopo wa FHA, ule unaowekewa bima na serikali kuu: tangu 25 Mei 2025 wasio na makazi ya kudumu hawapokelewi huko. Konfomingi bado iko wazi kwa mwenye ukaaji halali na kibali cha kufanya kazi.

Na lile wazo lako la pili, la kununua nyumba ya kulelea wazee? Kikomo hakiangalii kama utaishi humo au hutaishi, ila riba, malipo ya awali na ada vinaangalia sana. Usiandike kwamba utahamia kama huna nia ya kuhamia. Huo ni uongo kwenye hati ya mkopo, na ni kosa la jinai la serikali kuu. Bora zaidi mfikirie nyumba ya milango miwili mkae upande mmoja: kikomo chake cha msingi 2026 ni dola 1,066,250, na mkiishi humo Fannie anakubali malipo ya awali ya asilimia 5. Lakini hakikisha kaunti inaitambua kama nyumba ya familia mbili. Nyumba ya kawaida yenye kibanda cha kupangisha uani inahesabiwa familia moja, na inapewa kikomo cha familia moja, hata dalali aseme nini.

Wiki hii fanya hivi: tazama kwenye rejista ya kodi nyumba ipo kaunti gani, usitegemee anwani ya posta; peleka maombi kwa wakopeshaji watatu siku moja au mbili, wote kwa mkopo wa 810,000 na riba ya kudumu ya miaka 30; na omba kila mmoja aandike kama anatumia kikomo kipya. Ndani ya siku tatu za kazi lazima wakupe makadirio rasmi ya mkopo. Nipigie picha ukurasa wa kwanza na wa pili wa kila moja, na usifunge riba mpaka nimeona sehemu A, ile ya ada za mkopeshaji mwenyewe. Huko ndiko jumbo isiyo ya lazima hujificha.

Nisalimie wote nyumbani.

Shoga yako,
Zainabu