Bondi ni bure, lakini nani atasema alilipishwa?

Mhariri,

Mimi ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, katika kijiji kimoja mashariki mwa Uganda, na barua ninazoandika zaidi ni za kuwaombea vijana waliokamatwa. Ukutani mwa kituo chetu cha polisi kuna bango: bondi ya polisi, yaani dhamana ya kumtoa mtu kituoni, ni bure. Chini ya bango hilohilo, mama mmoja muuza nyanya alitoa shilingi 150,000 ili mwanawe wa bodaboda atoke. Kijana alikuwa amelala ndani siku nne bila kusomewa kosa, ilhali Katiba ya 1995, kifungu cha 23, inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48.

Steji nzima ya bodaboda ilichemka. Kila mtu alimjua afande, alijua saa aliyopokea, hata noti zilivyokunjwa. Nikapiga simu PSU, kitengo cha maadili cha polisi kinachopokea malalamiko kama haya. Walikuja, hilo nawasifu. Maofisa wawili bila sare, na karatasi zao wenyewe, wakaketi chini ya mwembe wangu hadi saa kumi jioni. Basi, steji ikaingiwa na ububu. Huyu alikuwa amepeleka abiria, yule hakuona vizuri. Mmoja alinivuta pembeni: "Mzee, hawa jioni wanarudi Kampala. Sisi kesho tunapita wapi na pikipiki zetu?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Mama naye alikataa, kwa sababu ambayo wakubwa hawaisemi: aliambiwa kuwa sheria ya kupambana na rushwa ya 2009 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Ni kweli. Lakini mama huyu hakwenda kununua upendeleo, alikamuliwa. PSU wakitaka mashahidi, watamke wazi, na kwa maandishi, kwamba mtu wa namna hii ataandikwa kuwa shahidi, si mshtakiwa. Na maelezo yachukuliwe mbali na kituo, na mbali na kwangu pia, maana kila anayeingia uani kwangu anaonekana.

Nitaambiwa polisi wanalala kwenye unipoti, vile vibanda vya mabati, na mafuta ya gari hayafiki mwisho wa mwezi. Najua. Kuna konstebo hapa ananunua karatasi za maelezo kwa mshahara wake, na hajawahi kuniomba hata soda. Kijijini naye anaitwa mla rushwa pamoja na wenzake, na hilo linaniudhi. Ila bajeti ya kituo iulizwe Bungeni, isitafutwe kwenye pochi ya muuza nyanya.

Vijana nimewaambia: ukilipishwa, shika namba iliyo kwenye sare, saa, na waliokuwapo, kisha njoo na wenzako. Watu ishirini wakitia sahihi karatasi moja, afande atamvizia nani? Sheria ya 2019 ya utekelezaji wa haki za binadamu inamfanya ofisa awajibike yeye binafsi, lakini hakimu hawezi kumhukumu mtu kwa minong'ono ya steji.

Faili la mama yule halijafungwa, naambiwa, linangoja shahidi. Naomba PSU watangaze siku na mahali kupitia redio ya hapa, na safari hii wasianzie kwangu.

Mwenyekiti wa LC1,
Mashariki mwa Uganda