Simu yangu iliumuka

Nairobi,
Jumapili jioni

Kwako somo yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Najua umeninunia. Wiki mbili nzima ujumbe wako umekaa na tiki moja, na wewe kusubiri hujui. Sikukutupa, somo. Simu yangu iliumuka.

Usidhani nakupiga chenga. Iliumuka kama unga wa mahamri uliosahauliwa karibu na jiko. Kwanza mfuniko wa nyuma uliinuka kidogo upande mmoja, nikafikiri ni kava. Nikaubonyeza kwa kidole gumba, ukarudi. Kesho yake haukurudi, na nikiiweka mezani inazunguka kama pia. Wa kulaumiwa ni mimi, maana unaijua tabia yangu ya kuichaji chini ya mto usiku kucha. Betri hizi za lithiamu hazipendi joto. Zikizeeka au zikipata moto sana, maji ya dawa yaliyo ndani yanaharibika na kutoa gesi, na kwa kuwa kimfuko chake kimezibwa pande zote, gesi haina pa kwenda.

Nikaenda kwanza kwenye duka moja la simu hapa mjini, lile la vioo na kiyoyozi. Kijana wa pale hata hakuishika. Akasema betri ya simu hii haitoki, dawa yake ni kununua nyingine, tena kwa lipa pole pole: weka 4,000, kisha 80 kila siku kwa mwaka mzima. Ukiruka siku, simu inajifunga yenyewe. Nikamuuliza, sasa ikijifunga nitalipia wapi? Akacheka, ila jibu hakunipa. Nilipotoka nje nikapiga hesabu: 33,200, kwa simu ambayo pale pale kwenye kabati imebandikwa bei ya 21,000. Somo, hiyo 80 inaonekana kama bei ya mandazi na chai, ndiyo maana inatumaliza.

Basi nikashuka Luthuli. Tangu ile barabara ifanywe ya upande mmoja mwaka 2019 na njia za miguu zikapanuliwa, angalau mtu anapita bila kukumbatiana na mkokoteni. Kelele ndizo zile zile, kila mlango na spika yake. Fundi yuko ghorofa ya pili, kibanda ambacho mkiingia wawili, wa tatu anabaki kwenye ngazi. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akasema, “Madam, hii ina mimba. Ulikuwa unalala nayo?” Nikanyamaza.

Ungemwona akifanya kazi ungenisamehe kuchelewa. Mfuniko ulikuwa nusu wazi, betri ilishamsaidia. Akapitisha kipande cha plastiki, mfano wa kile cha kupigia gita, polepole kuzunguka ukingo, huku ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto anayeandika. Akadondosha spiriti kidogo kwenye gundi, akangoja. Hakutumia bisibisi kuchokonoa, akanieleza kwamba ikitobolewa inaweza kuwaka moto papo hapo. Ilipotoka ilikuwa nene, laini, imefura kama kimto cha sindano. Akaitia kwenye mkebe wenye mchanga, pamoja na nyingine tatu. Kumbe si mimi peke yangu ninayelala na simu.

Tatizo, betri mpya ya aina hiyo hakuwa nayo, ikabidi aagize. Nami nikarudi nyumbani na kabambe, simu ndogo ya vitufe.

Naam, mulika mwizi, mimi! Chaji siku nne. Redio ya FM, mradi umechomeka waya wa masikioni, maana huo ndio antena yake. M-Pesa ilifanya kazi kama kawaida, kwa sababu menyu yake imo kwenye laini yenyewe wala haihitaji intaneti, ndivyo ilivyo tangu 2007. Mama mboga hakugundua chochote. Nililala mapema, nikasoma gazeti kwenye matatu, nikajiona mtu wa maana.

Lakini nisikudanganye, haikuwa raha tupu. Chama kilitangaza kwenye grupu la WhatsApp kwamba mkutano umehamishwa, mimi sikuona, nikaenda nyumba ya watu nikakuta mlango umefungwa. Bando la wiki nililokuwa nimenunua siku moja kabla likaisha bila kuguswa, na aliyeniuzia hana habari. Halafu usiku wa Jumatano tokeni za stima zikakata. Nikanunua, ujumbe ukaja na tarakimu zake 20, sasa zisome kwenye kioo cha ukubwa wa kiberiti kinachozima kila baada ya tarakimu nne. Nikamwita mtoto wa jirani anisomee, nami nibonyeze kwenye mita. Mara ya kwanza tukakosea ya mwisho. Mara ya pili akapiga chafya katikati, hatukujua tumefika wapi. Mara ya tatu friji ikaguna, tukapiga makofi gizani kama watu wa kwaya, kumbe swichi ya taa ya sebuleni nilikuwa nimeizima mwenyewe.

Unaikumbuka 2012, mwisho wa Septemba, simu feki zilipozimwa? Ile yako ya laini mbili, yenye spika ya kusumbua bweni zima, ikalala isiamke tena. Ulilia, ukakana kwamba hukulia. Sasa nimekuelewa.

Jana fundi akapiga. Shilingi 1,800, betri na kazi yake. Akanirudishia simu imebanwa kwa vibanio vya nguo, akaniamuru nisivitoe mpaka asubuhi gundi ishike. Leo nimevitoa. Nilichofungua kwanza si ujumbe wako, usikasirike. Ni ile sauti aliyonitumia mama yako akinifundisha mkate wa sinia, nilidhani imepotea. Ipo yote, hadi pale anaponigombeza, “Usikoroge kama unafua!”

Nimesikia kwamba nawe unataka kununua simu mpya. Kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji betri yake inatolewaje. Akigeuza macho, ondoka.

Halafu nisaidie kwa mama. Pale anaposema kiasi cha iliki, jogoo wenu anawika, sisikii kitu. Nimerudia mara sita. Ni punje ngapi?

Ni mimi,
Somo yako